Samaki wa plastiki ukutani: kuitazama upya filamu ya sangara ukiwa lamboni Mwakitolyo

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Mwakitolyo kwa likizo. Kwa msiopajua: ni kata ya Shinyanga Vijijini, watu wanalima, wanafuga na kuchimba dhahabu, na mara nyingi ni mtu huyohuyo anayefanya yote matatu kwa misimu tofauti. Jioni tulikuwa tunashuka lamboni na ndoano. Sisemi ziwa, nasema lambo: ukuta wa udongo uliokinga korongo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wanakunywa upande mmoja na sisi tumekaa upande wa pili na mishipi yetu.

Siku moja tulipata sato watatu wa ukubwa wa kiganja na kambare wawili, mmoja mkubwa kama mkono wa mtu mzima. Yule mkubwa mdogo wangu (mtoto wa baba mdogo) akamweka pembeni. "Huyu wa wifi yako," akaniambia. Mke wake ana ujauzito, na kwetu mama mjamzito anawekewa kipande kinono. Halafu akatoa simu akanionyesha video. Wazungu wanne kwenye kaziwa kadogo ka tambarare, fimbo ndefu zenye gurudumu la kukunjia mshipi, wanavuta samaki aina ya trauti na besi, wanapiga nao picha, wanawarudisha majini. Mdogo wangu anaitazama hiyo video kama mpira wa fainali.

"Dada msomi," akasema, "hawa samaki si wangefaa hapa? Wewe si unasomea mambo ya maji? Tuletee vifaranga."

Usiku ule, badala ya kumjibu, niliwasha laptopu tukaangalia Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza. Nilikuwa nimeshaiona mara mbili chuoni. Kuiona nyumbani, na watu wanaokula samaki wa maji hayohayo ya Kanda ya Ziwa, ilikuwa kama kuiona mara ya kwanza. Makala hii ni uhakiki wa filamu hiyo, pamoja na kitabu kimoja kinachoenda nayo. Ila tuanze na swali la mdogo wangu, maana bila hilo uhakiki wenyewe hauna kazi.

Trauti hawezi, besi anaweza

Trauti ni samaki wa maji baridi. Anastawi kwenye nyuzi 10 hadi 16 hivi, na maji yakifika karibu nyuzi 25 yuko kwenye hatari ya kufa. Niliweka kipimajoto lamboni saa nane mchana kikasoma 28. Lakini joto lenyewe ni nusu ya habari. Maji baridi hushika gesi vizuri kuliko maji ya moto, ndiyo maana soda iliyokaa juani ukiifungua inatapika gesi yote kwa mkupuo. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 12 inaweza kushika takriban miligramu 10.8 za oksijeni. Ya nyuzi 28 inashika takriban 7.8. Na sisi hatuko usawa wa bahari, tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa imepungua uzito, kwa hiyo punguza tena zaidi ya asilimia 10.

Halafu kuna usiku. Mwani unaotengeneza oksijeni mchana, giza likiingia nao unaivuta kama sisi. Kabla ya alfajiri lambo linabaki na pumzi kidogo sana. Kambare hana shida, ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Ndiyo maana unamwona anapanda, anabusu uso wa maji, anazama. Trauti angekuwa ameshakufa kabla jogoo hajawika.

Kwa hiyo Afrika Mashariki trauti alipelekwa milimani. Kenya walimleta mwaka 1905 kutoka Uskoti, wakamweka kwenye vijito vya baridi vya Aberdare ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao. Tanganyika nayo ilipandiwa trauti kwenye mito ya nyanda za juu enzi za mkoloni, kwa sababu ileile ya starehe.

Besi mdomo-mpana ni habari nyingine. Huyu joto analivumilia. Kwao Marekani anaishi kwenye mabwawa ya vuguvugu yenye majani, yanayofanana sana na lambo letu. Aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, naye kwa ajili ya ndoano za starehe. Besi ni mwindaji. Naivasha ilikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili, mfupi kuliko kidole chako, na huyo hajaonekana tangu miaka ya 1960. Mshukiwa wa kwanza ni besi.

Shika hilo: trauti ni ombi lisilowezekana, besi ni ombi linalowezekana. Linalowezekana ndilo la kuogopa. Sasa twende kwenye filamu.

Filamu inachofanya vizuri

Kama hujaiona, Darwin's Nightmare haina msimulizi. Kamera inakaa Mwanza, inazunguka kati ya kiwanja cha ndege, viwanda vya minofu, mialo ya wavuvi na mitaa. Marubani kutoka nchi za Kisovieti za zamani wanatua na Ilyushin kubwa kuchukua tani na tani za minofu kupeleka Ulaya. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki anakaa gizani na upinde na mishale yenye sumu. Dada anayeitwa Eliza anaimba kuhusu Tanzania, na baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Watoto wanagombania ubwabwa. Ilisifiwa sana huko nje, ikateuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006. Hapa kwetu mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliipinga hadharani, na Mwanza watu waliandamana.

Kuna kipande kimoja kinachonikamata kila mara. Tuko ofisi ya kiwandani, na ukutani kuna samaki wa plastiki aliyebandikwa kwenye kibao. Ukimwasha anageuza kichwa, anapiga mkia na kuimba wimbo wa kuwaambia watu wasihangaike, wafurahi. Mdogo wangu alicheka hadi akasimamisha filamu. Kisha akasogea kwenye skrini. "Dada, huyu si yule wa kwenye video?"

Ni yeye. Mdoli ule maarufu ni besi mdomo-mpana wa Marekani. Yaani ndani ya kiwanda kinachoishi kwa samaki mmoja wa kuletwa, ukutani anaimba mdoli wa samaki mwingine anayepelekwa kila pembe ya dunia kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Filamu haisemi neno lolote juu ya hilo. Huenda Sauper alipenda tu kejeli ya wimbo. Lakini ukiwa umetoka lamboni jioni ileile, kipande hicho kinasema zaidi ya alichokusudia mwenyewe.

Hiyo ndiyo nguvu ya filamu hii. Ina jicho. Inakaa na watu muda mrefu bila kuwaharakisha, na inaonyesha kitu ambacho ripoti hazionyeshi: kwamba mnyororo wa chakula cha ziwa hauishii majini. Unapanda mpaka kwenye tumbo la ndege na sahani ya mtu asiyejua Mwanza iko wapi.

Inapoteleza

Sasa lawama, na ninazo tatu.

Ya kwanza ni mapanki. Filamu inaonyesha vichwa na mifupa ya sangara ikianikwa, funza wakitambaa, mama mmoja mwenye jicho lililoharibika akielezea mvuke unaotoka kwenye mabaki hayo. Ni kweli na inauma. Lakini inapigwa picha kwa namna ambayo mtazamaji wa mbali anabaki na hisia moja tu, kinyaa. Mimi nimekula mapanki. Wengi tuliokulia Kanda ya Ziwa tumekula, yamekaangwa, yamewekwa nyanya na kitunguu, mezani na ugali. Waliotetea nchi wakati ule nao walikosea upande wao waliposema mapanki ni ya mifugo, kana kwamba aibu iko kwenye kuyala. Swali lenye maana ni kwa nini mnofu ulipanda bei ukatuacha na mfupa. Jibu liko kwenye soko na leseni na mikopo ya viwanda, na huko kamera haikai.

Ya pili ni silaha. Filamu inajenga shaka kwamba ndege zile haziji tupu. Karibu na mwisho rubani mmoja, kwa uchungu unaoonekana, anasimulia safari aliyowahi kupeleka zana za kijeshi Angola kisha akarudi Ulaya na zabibu. Ni ungamo zito. Lakini ni ungamo la Angola. Filamu inalipanga mahali ambapo wewe mwenyewe utalihamishia Mwanza. Sisi tunaofundishwa kusoma takwimu tunaujua mchezo huu: vitu viwili vimewekwa karibu karibu, msomaji anachora mstari kati yao, mwandishi anabaki na mikono safi.

Ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Filamu inaitwa jinamizi la Darwin, maana yake inadai kuzungumzia sayansi ya viumbe. Lakini jinsi sangara alivyoingia ziwani inaguswa juu juu tu, kama jambo lililotokea zamani, mtu fulani na ndoo yake, basi. Tunakaa usiku mzima na mlinzi wa taasisi ya utafiti, nje. Ndani ya jengo analolilinda mna watu waliotumia maisha yao kupima ziwa lile. Hao hatuwasikii. Matokeo yake sangara anabaki kuwa zimwi: alikuja, akala, akashinda. Na zimwi halina aliyelileta.

Ndoo ya nani?

Aliyelileta yupo. Tena yameandikwa.

Mtaalamu wa uvuvi wa Kiingereza, Michael Graham, alifanya uchunguzi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928. Ripoti yake ya 1929 ilionya kwamba kumleta samaki mkubwa mwindaji kutoka maji mengine ni hatari kubwa bila utafiti wa kina kwanza. Miaka ya 1950 ndoto ya sangara ikarudi, hasa Uganda. Hoja ilikuwa hivi: ziwa limejaa furu, visamaki vya mifupa, havina soko, basi tulete mwindaji mkubwa avigeuze kuwa nyama. Na pembeni ya hoja ya chakula kulikuwa na hamu nyingine: sangara alikuwa fahari ya mvuvi wa fimbo kule Mto Nile, na baadhi ya maofisa walipenda mchezo huo.

Mwaka 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika kupinga. Hesabu yake unaweza kuifanya hata wewe. Kwa kawaida kati ya ngazi moja ya ulaji na inayofuata hubaki kama sehemu moja tu ya kumi ya chakula, nyingine inateketea kwa kuishi. Ukiongeza mwindaji juu ya furu hupati samaki zaidi. Unapata uzito mdogo wa samaki mkubwa badala ya uzito mkubwa wa samaki wadogo. Mwaka 1961 akajibiwa kwa maandishi na aliyeunga mkono. Ungedhani mjadala unaendelea, uamuzi bado.

Kumbe sangara walikuwa wameshaingia. Utafiti wa Robert Pringle uliochapishwa mwaka 2005 ulikusanya kumbukumbu na mahojiano, ukaonyesha kwamba watumishi wa Idara ya Wanyamapori na Uvuvi ya Uganda walikuwa wamewaweka ziwani kimyakimya tangu mwaka 1954. Mwaka 1962 na 1963 ukafuata upandaji rasmi, hoja ikiwa kwamba tayari wamo. Yaani wanasayansi walikuwa wanabishana mlangoni wakati ndoo imeshamwagwa dirishani.

Mwaka mmoja tu baada ya filamu. Nikiwa mkweli, Sauper hakuwa na utafiti huo mkononi. Lakini uvumi wa upandaji wa siri ulikuwepo, na maonyo ya Graham na Fryer yalikuwa yamechapishwa miongo mingi kabla. Hapo ndipo palikuwa na jinamizi lenyewe, na lina sura ya kawaida kabisa: ofisa mwenye nia njema, mwenye haraka, asiyemuuliza mtu.

Kitabu kilichoandikwa kutoka Mwanza

Ukitaka sayansi ambayo filamu iliiruka, tafuta kitabu cha Mholanzi Tijs Goldschmidt, Darwin's Dreampond. Kilitoka kwa Kidachi mwaka 1994 na kwa Kiingereza 1996. Goldschmidt alikuja Mwanza miaka ya 1980 na kikundi cha watafiti kutoka Leiden kuchunguza furu. Alikuwa anawahesabu, anawachora, anatafuta jinsi spishi mpya zinavyozaliwa, na mbele ya macho yake nyavu zikaanza kutoka tupu. Kitabu kinaitwa kwa jina la ndoto. Filamu ikaja na jina la jinamizi. Sidhani ni bahati mbaya.

Furu walikuwa muujiza. Wataalamu wanakadiria ziwa lilikuwa na zaidi ya spishi 500: anayekwangua mwani, anayevunja konokono, anayekula magamba ya wenzake, anayenyonya watoto kutoka kinywani mwa mama. Takriban 200 wanadhaniwa kutoweka. Goldschmidt anaeleza haya kwa ucheshi na uvumilivu, hatua kwa hatua, na hafichi kwamba sangara hakuwa peke yake. Mbolea na udongo kutoka mashambani vililisha mwani, maji yakawa na ukungu, na furu wa kike ambao huchagua dume kwa rangi wakashindwa kuona vizuri. Chini ziwani oksijeni ikapungua. Nyavu zenyewe pia zilichangia. Na baadhi ya furu wamerudi tangu miaka ya 1990. Ziwa halikufa, limebadilika. Filamu inakuachia hisia ya maiti.

Kitabu nacho kina upungufu wake. Watu wa Mwanza wamo, lakini wengi wao ni wasaidizi wa safari ya mtafiti: wanaendesha mtumbwi, wanabeba vyombo, wanatoa kichekesho, wanaondoka. Anayejua kuuliza maswali ni mgeni. Ukimaliza unamjua furu kwa jina la kisayansi, lakini humjui mama aliyekuwa anamuuza kwa fungu sokoni na alifanya nini furu walipokwisha. Filamu ina huyo mama na haina sayansi. Kitabu kina sayansi na hakina huyo mama. Ukiviweka pamoja unapata karibu kitabu kizima ambacho hakijaandikwa bado, na nadhani kitabidi kiandikwe na mtu aliyekula furu utotoni.

Kuna jambo moja ambalo vyote viwili vinaligusa kidogo mno: maji madogo. Ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, karibu ametoweka ziwani. Amesukumwa na sato, ambaye naye aliletwa miaka ya 1950, na akaliwa na sangara. Lakini ngege amesalia kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, ambako sangara hakufika. Maji ambayo hakuna anayeyapigia filamu ndiyo yamekuwa sanduku la akiba. Baada ya vita vya pili, mpango wa maendeleo wa Sukumaland ulichimba mabwawa mengi huku kwetu, na Malya palianzishwa majaribio ya ufugaji wa samaki mwaka 1949. Malambo yetu yana historia. Si mashimo matupu yanayosubiri mtu aje na wazo.

Turudi lamboni

Filamu ilipoisha nilimuuliza mjomba: sato wa lambo letu walitoka wapi? Akasema alikuja mtu na baiskeli, amefunga dumu nyuma. Akamimina. Watu wakafurahi. Nani aliulizwa? "Aulizwe nani, mpwa wangu? Samaki ni chakula."

Mdogo wangu akaniangalia. Ndoo ya Uganda na dumu la baiskeli vilikuwa vimekaa pamoja pale chumbani bila mtu kuvitaja.

Sato tulibahatika. Anakula zaidi mwani na vijidudu vidogo, yuko chini kwenye ngazi ya ulaji. Besi angekaa juu kabisa, na hapa Mwakitolyo jambo hilo lina uzito wa aina yake, kwa sababu ya zebaki.

Unajua kazi ilivyo. Mawe yanatoka duarani, yanasagwa kwenye makarasha, mchanga unaoshwa mialoni, zebaki inakamata chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa zebaki ipae. Nyingine inabaki kwenye marudio. Mvua ikija inasukuma tope kwenye korongo, na korongo linajua njia ya kwenda lamboni. Zebaki ile ya kung'aa yenyewe haiingii sana mwilini mwa samaki. Lakini chini ya lambo, kwenye tope jeusi lisilo na oksijeni, wapo bakteria wanaoibadilisha kuwa zebaki ya methili, na hiyo huingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Mwani unachukua kidogo. Kijidudu kinakula mwani mwingi. Kisamaki kinakula vijidudu vingi. Kambare mkubwa anakula visamaki kwa miaka. Kila ngazi inarithi deni la ngazi ya chini yake.

Hesabu ya Fryer inarudi hapa ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Ukipanda ngazi nyama inapungua, sumu inaongezeka. Ukileta besi umeongeza ngazi moja: samaki kidogo zaidi, zebaki zaidi kwenye kila kilo. Kukaanga, kuchemsha au kubanika hakuitoi, kwa sababu imejishika kwenye nyama yenyewe. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, maana ubongo unaojengwa hauna kinga. Dunia ilijifunza hilo Minamata, Japani, ugonjwa ulipogunduliwa mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa zebaki unabeba jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Sitaki uondoke na kinyaa kama nilichokilaumu kwenye filamu. Vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria vimekuta zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumika sana kama mpaka wa samaki wa kuliwa. Ziwa ni kubwa, linachanganya. Lambo lililo chini ya mialo ni kitu kingine, na jibu la kila lambo linapatikana kwa kulipima lenyewe. Mpaka vipimo vije, busara ni rahisi: mama mjamzito na watoto wale sato wadogo, yule kambare mzee aachwe. Kwa desturi yetu tunafanya kinyume, kwa upendo kabisa.

Nilimwambia mdogo wangu hivyo usiku uleule. Alinyamaza kidogo. Kambare alikuwa ameshapikwa, wifi alikuwa ameshakula. Nikamwambia mlo mmoja si hoja, hoja ni mazoea. Akaniuliza swali ambalo wala Sauper wala Goldschmidt hawakuulizwa: "Sasa nimpe nini?" Nikamwambia sato watatu wadogo, na maharage, na dagaa. Dagaa wako chini kwenye ngazi na wana madini mengi anayoyahitaji.

Basi uitazame?

Itazame. Darwin's Nightmare ni filamu nzuri yenye hoja dhaifu, na vitu hivyo viwili vinaweza kukaa chumba kimoja. Itazame na watu wa nyumbani, simamisha pale kwenye samaki wa plastiki, uliza ni samaki gani na alifikaje ukutani. Halafu soma Goldschmidt, hasa sura za furu, na ukisoma weka alama kila panapotajwa mtu wa Mwanza uone anapewa nafasi ya kusema nini. Ukivimaliza vyote viwili utakuwa na hamu ya kumlaumu sangara. Jizuie. Sangara alifanya anachojua kufanya.

Mimi nimebaki na maswali matatu ninayoyapeleka kwenye kila wazo la kupanda samaki, liwe la mzungu wa mwaka 1954 au la mdogo wangu wa mwezi wa saba. Huyu samaki anakula nini, na nani atamla yeye? Akitoroka mvua ya masika ikibomoa ukuta wa lambo, korongo linampeleka wapi? Nani ameulizwa? La tatu lina hata mlango wa kisheria: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimruhusu mtu kuingiza samaki hai nchini bila kibali, na ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuanza naye. Lakini kabla ya ofisa kuna kamati ya lambo, na kuna akina mama wanaochota pale asubuhi. Hao ndio hawakuulizwa na mtu wa baiskeli.

Asubuhi ya kuondoka nilishuka lamboni tena na chupa ndogo sita, nikachukua tope na vipande vya nyama ya samaki kwa ajili ya maabara. Mdogo wangu alinisaidia kuandika lebo: tarehe, aina ya samaki, urefu. Video ya besi bado anayo kwenye simu. Ila aliponifunga begi aliniambia majibu yakitoka nimpigie yeye kwanza, kabla sijaandika popote.